Begi la kuingia nalo porini kuwinda: namna ya kulichagua lisikuachie njiani

Wagosi habari zenu. Mi ni fundi mabegi hapa Ngamiani, Tanga mjini, cherehani yangu iko barazani, na kila msimu wa kuwinda ukipamba moto kazi ninayoletewa ni ileile, mabegi yaliyong'oka mikanda. Yaliyochanika kitambaa nayapata machache sana. Ni mkanda wa begani umetoka mzima kwenye mshono huku kitambaa bado kizuri kabisa, yani ukikiangalia unaona huruma. Kwaiyo karibu yote ntakayokwambia hapa yanarudi palepale, mtu akinunua begi anaangalia kitambaa, anahesabu mifuko, anasoma jina, afu ile sehemu inayobeba mzigo wenyewe haigusi hata kwa kidole.

Naongea na mwenye leseni lakini, tuelewane. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ni ya mwaka 2009, leseni na vibali vinasimamiwa na TAWA, yani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na Saadani pale ni hifadhi ya taifa, hakuna kuwinda hata kanga mmoja. Hilo nalitaja mapema manake linaingia mpaka kwenye begi, utaona huko mbele.

Hatua ya kwanza ni hesabu, na unaifanya nyumbani kabla hujaenda sokoni. Anza na maji. Kiangazi mito mingi kule bara ya Handeni ni mchanga mtupu, na mtu anayetembea juani kutwa lita 4 si nyingi kwake, lita moja ni kilo moja, kwaiyo siku mbili bila kisima ni kilo 8 begani hujaweka hata chumvi. Weka unga, dagaa, sufuria, blanketi, chandarua, turubai la kutandika, tochi, kisu na kinoo, kamba, dawa ndogondogo. Mara unakuta kilo 18 au 20 zimefika na hapo hujapiga kitu bado. Sasa swala pala dume anafika kilo 50 na kuzidi, ukitoa matumbo, kichwa, ngozi na kwato inabaki nusu na kidogo, ni kama kilo 30 za nyama na mifupa, na hiyo nyama itarudi na nani kama siyo nyie wenyewe. Ndo maana begi la mwindaji halipimwi kwa safari ya kwenda, linapimwa kwa safari ya kurudi. Mgawane wawili watatu au mwende trip mbili, lakini begi lenyewe ujue litakutana na kilo 25 mpaka 30 siku moja, usilinunue kama vile halitakutana nazo.

Ukubwa sasa. Usiku mmoja au mbili, lita 40 mpaka 50 zinatosha, ukizidi hapo tafuta 60 mpaka 75. Mtumba mara nyingi hauna alama ya lita au imefutika, tumia debe basi, debe la kawaida ni kama lita 20, begi la lita 60 lazima limeze madebe matatu. Zaidi ya 75 mi siwashauri watu, begi likiwa na nafasi utaijaza tu, hakuna binadamu anayeacha nafasi wazi kwenye begi.

Hatua ya pili ndo moyo wa yote, nayo ni mshono wa mikanda, na hapa naomba uende na mimi taratibu.

Miaka kadhaa nyuma niliingia porini na mjomba wangu, yeye ana leseni yake na bunduki yake ya halali, mi nilikuwa mbebaji. Nilikuwa na begi jipya la dukani, la rangi ya kijani, mifuko tisa, nimelilipia hela ya maana. Mjomba akapiga pongo, tukamchinja, tukamkata, nikapakia kama kilo 20 hivi, jua linaelekea kushuka. Tunavuka korongo, nimeweka mguu juu ya jiwe nijivute, nikasikia kitu kinalia trrrr nyuma ya shingo, mkanda wa kulia ukatoka. Nikabaki naning'inia na mzigo upande mmoja, kidogo niende nao chini. Mjomba akanambia "tulia mwanangu, ushushe kwanza", tukafunga kwa kamba ya katani nikaendelea, na kamba ile ilinikata bega mpaka tukafika kwenye gari wakati wa isha, shati limeganda kwa damu na siyo ya pongo tu.

Kesho yake nikaufungua ule mshono kwa wembe nione. Ncha ya mkanda ilikuwa imeingia ndani ya mshono kiasi cha upana wa kucha ya kidole kidogo, imepigwa mstari mmoja tu wa uzi, stichi ndefu kila moja kama punje ya mchele, na kitambaa kilivyokatwa ukingoni hakikufungwa na chochote, nyuzi zimechomoka zinaning'inia kama ndevu. Mkanda haukukatika, uzi haukukatika, vilichomoka tu. Begi zima lilikuwa limeshikwa na ukucha.

Sasa we ukiwa sokoni, Mgandini au popote, fanya hivi. Fungua begi, ligeuze nje ndani sehemu ya juu mgongoni pale mikanda inapoanzia. Ukiona kingo za kitambaa zimefunikwa na utepe ulioshonwa juu yake, hiyo dalili nzuri, aliyeshona alijali. Afu angalia mkanda wenyewe ulivyoshikwa, unatakiwa uwe umeingia ndani angalau sentimita 3, umepigwa kisanduku chenye alama ya X katikati, au ile mistari minene ambayo cherehani imekwenda na kurudi palepale mara nyingi mpaka uzi umejaa kama jongoo. Kimoja kati ya hivyo lazima kiwepo, vyote viwili ni bora zaidi. Stichi ziwe kama 3 kwenye sentimita moja. Zikiwa ndefu sana hazishiki, na zikibanana mno nazo ni mbaya, manake sindano inakuwa imetoboa kitambaa mfululizo na siku ya mzigo kinachanika kwenye mstari wa matundu, sawa na karatasi ya daftari.

Halafu vuta. Shika mkanda mkono mmoja, begi mkono wa pili, vuta kwa nguvu zako kweli huku unaangalia matundu ya sindano. Yakifunguka ukaona mwanga upande wa pili, lirudishe, hata kama muuzaji amekasirika. Rudia chini pale mkanda unapoingia pembeni ya kitako cha begi, manake hapo ndo pa pili kwa kung'oka, na rudia kwenye kile kishikio cha juu. Watu wanakidharau kile kishikio lakini begi lenye nyama linanyanyuliwa kutoka chini kwa hicho hicho, kila ukipumzika.

Uzi nao una kipimo chake. Ukipata kijiuzi kilicholegea ndani, kikate, kiwashe kiberiti pembeni. Kikiyeyuka kikawa kishanga kigumu cheusi, hiyo ni nailoni au poliesta, sawa. Kikiungua kikawa jivu laini kama karatasi hiyo ni pamba, na pamba kwa jasho na unyevu wetu huu wa pwani inaoza bila kukwambia, begi litakuwa zuri leo na mwakani litaachia.

Na kama begi umelipenda kila kitu ila mikanda ndo dhaifu? Linunue, lakini lipeleke kwa fundi kabla ya safari. Mi huwa natumia mkanda wa siti ya gari, unapatikana kwa wanaokata magari mabovu, kipande cha shibri moja kinapita ndani ya mgongo wa begi kinakuwa kama pingiti, mikanda yote miwili inashonewa juu yake kwa uzi wa viatu na cherehani ya viatu. Ukitaka kuling'oa hapo itabidi ung'oe mgongo mzima. Kazi ya nusu saa.

Hatua ya tatu, mgongo na kiuno. Begi lisilo na fremu likipita kilo 12 hivi linakuwa gunia lenye mikanda, linakunjika, linavuta mabega nyuma, na kufika mchana shingo imekufa. Unataka lenye pau za aluminiamu au sahani ngumu ndani ya mgongo, na mkanda wa kiuno wenye sponji nene, mpana kama kiganja, siyo ule utepe mwembamba ambao kazi yake ni kuzuia begi lisichezecheze tu. Mkanda wa kiuno ukikaa sawa juu ya mifupa ya nyonga, uzito mwingi unashuka kwenye miguu na mabega yanabaki kushikilia.

Urefu wa mgongo upime. Inamisha kichwa, kuna mfupa unatokeza chini ya shingo, mtu mwingine aweke tepu ya fundi hapo ashuke nayo mpaka usawa wa juu wa mifupa ya nyonga, watu wazima wengi wanaangukia kati ya sentimita 40 na 55. Namba hiyo ndo ilingane na begi, urefu wako wa kusimama hautakusaidia, nina rafiki mrefu kama mnazi lakini urefu wake wote uko miguuni, mgongo mfupi kuniliko.

Kuna jambo hapa linanifurahisha na nataka mlijue. Kule Marekani kuna watu wanawinda milimani siku nyingi kwa miguu, wanashusha mnyama anaitwa elki, dume lake linafika kilo 300, wanambeba vipande vipande mgongoni. Mabegi yao yametengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo tu, kuna Mystery Ranch na Stone Glacier za Montana, Exo Mtn Gear ya Idaho, na kuna moja jina lake ni Kifaru, eee, Kifaru hii hii ya kwetu, wamechukua neno la Kiswahili wakabandika kwenye begi la kuwindia. Wazo lao kubwa ni kwamba begi linaachana na fremu, unalegeza mikanda ya pembeni, katikati ya fremu na begi inapatikana nafasi, nyama inakaa hapo imebanwa kwenye mgongo wako kabisa na begi lenye vitu vingine linabaki nje yake. Mzigo mzito ukiwa karibu na uti wa mgongo hauvuti nyuma.

Mabegi hayo bei yake ni ya kwao. Lakini wazo halina bei. Tafuta mtumba wa begi la wapanda milima, yale ya akina Deuter na Osprey, yana fremu na mkanda wa kiuno wa kweli, afu ukipakia nyama iweke ndani upande wa mgongo, usawa wa katikati ya mabega, vitu vyepesi kama blanketi viende nje na chini. Mi kwa mtu wa hapa nyumbani nashauri hivyo kuliko begi jipya la bei rahisi. Mtumba umeshabebwa na mtu, kilichokuwa cha kung'oka kimeshang'oka tayari, unaona unachonunua.

Hatua ya nne ni kitambaa, nacho siyo cha kuhangaisha kichwa sana. Namba utakayoikuta ni denia, imeandikwa kwa herufi D. Denia ni uzito, uzi wa urefu wa mita 9,000 ukiwa na gramu 1 hiyo ni denia 1, kwaiyo kitambaa cha 1000D kimefumwa kwa uzi ambao kilomita 9 zake zina kilo nzima. 500D ya nailoni nzuri kama Cordura inatosha kabisa kwa miiba ya kwetu, 1000D ni imara zaidi ila begi linakuwa zito kabla hujaweka kitu, mi naipenda kwenye kitako tu. Nailoni inashinda poliesta kwa kusuguliwa, poliesta inavumilia jua zaidi.

Kinachoua kitambaa pwani hii ni kingine. Ndani ya begi kuna rangi fulani ya kuzuia maji, inaitwa poliyurethani, na hiyo joto na unyevu vinaivunja taratibu hata begi likiwa limetundikwa tu ukutani. Mtumba ukiufungua ukanusa harufu kali kama ya matapishi, ukipitisha kiganja kinanata, au unatoka ungaunga mweupe, hiyo imekwisha, na wanaokwambia "likipigwa jua litakauka" wanakudanganya. Siyo lazima uliache, mishono ikiwa mizuri lichukue kwa bei ya kushuka, ila ujue maji yataingia.

Zipu na klipu. Geuza kichwa cha zipu uangalie nyuma, mara nyingi kuna namba, 5 ni ndogo, 8 na 10 ndo za mfuko mkubwa. YKK ni kampuni ya Japani ya tangu 1934 na zipu zake nimebadilisha chache mno. Zipu ya plastiki ni bora kwetu, ya chuma chumvi ya bahari inaila. Na bora kuliko zote ni begi ambalo mdomo wake mkuu unafungwa kwa kamba na kifuniko juu, kamba ikikatika unaweka nyingine palepale porini, zipu ikifa umefanyaje? Klipu zibofye kila moja mara kumi, sikiliza mlio, ukikuta weupe kama ufa kwenye kona, hiyo itapasuka. Nunua mbili za akiba ziwe mfukoni.

Rangi. Hapa watu wanaona kama urembo na siyo urembo. Begi la bluu au jeusi usiingie nalo porini kwenye mbung'o. Mitego ya mbung'o inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu mbung'o wanavutwa na rangi hizo, we ukibeba begi la bluu umebeba chambo bila mtego. Na hilo Tanga tunalijua, kituo cha utafiti wa mbung'o kiko hapahapa kwetu, ndiko walikozalishwa wale madume tasa waliorushwa Unguja miaka ya 1990 mpaka mbung'o wakaisha kule. Rangi nyingine ya kukimbia ni mabakamabaka ya kijeshi. Kwenye mitumba yapo, tena mengine mabegi mazuri mno, lakini raia haruhusiwi vitu vinavyofanana na sare za jeshi, mwaka 2023 JWTZ walitoa tangazo watu wasalimishe. Ukikutwa njiani una bunduki na begi la mabaka, leseni yako utaielezea kwa muda mrefu. Chukua kahawia, kaki, au rangi ya udongo.

Na hapo ndo leseni inapoingia. Begi liwe na mfuko mmoja juu, wa ndani, usiolowa, ambao ni wa karatasi tu: leseni ya kuwinda, kibali cha silaha, kitambulisho. Siyo chini ya unga. Askari wa wanyamapori akikusimamisha uvitoe umesimama, begi likiwa mgongoni kwa mwenzio, bila kumwaga vyombo njiani.

Nyama na mvua unavimaliza pamoja. Nyama ya moto usiitie kwenye nailoni hata dakika, inavunda. Itundike kivulini ipoe kwanza, kisha itie kwenye mifuko ya kitambaa cha amerikani, kile kinachopitisha hewa na kuzuia nzi, mi nashona ya upana wa sentimita 50 kwa 70, minne inatosha swala mmoja. Mifuko hiyo ndo inaingia kwenye begi, na vitu vya kulalia uvitie kwenye kiroba safi kilichofungwa mdomo ili damu isivifikie na mvua pia. Na kama kundi lenu lina wanaowinda ngiri au nguruwe pori, begi la kazi hiyo liwe lake peke yake na ijulikane ni la nani. Nimeshaletewa begi nilishone, nimeshaliweka juu ya meza ninaposhonea kanzu za watu, ndo naambiwa lilibeba nini. Mwambie fundi mapema, ni heshima tu.

Hatua ya mwisho kabla ya safari, jaribu. Jaza maji dumu la lita 20, hizo ni kilo 20, lifunge vizuri, litie kwenye begi na blanketi pembeni lisicheze, utembee kutoka Ngamiani mpaka Raskazone na kurudi, asubuhi kabla ya jua. Funga kiuno kwanza ndo uvute mabega. Watu watakuuliza unahamia wapi, waambie tu. Ukirudi usilivue ukalitupa, likague likiwa bado na mzigo, mikanda imeshuka kiasi gani kutoka ulipoifunga, mishono imefunguka wapi, nyonga inauma upande upi. Kinachouma kwa saa moja mjini kitakuwa kidonda siku ya pili porini. Ukiona mshono umeanza kuonyesha mwanga, njoo siku hiyohiyo, usingoje wiki ya safari, wiki ya safari mi nakuwa na foleni ya watu wote waliongoja.

Ukirudi na damu, osha kwa maji ya baridi na sabuni ya mche, ya moto yanaigandisha damu ndani ya uzi, wala usiende kulisuuza baharini. Anika kivulini, midomo yote wazi, mpaka sponji ya mikanda ikauke kabisa, kisha litundike juu mbali na panya manake harufu ya chumvi na damu wanaifuata, wanatafuna mkanda palepale begani, na hiyo kazi nayo naletewa sana.